Kuvuka Kavimvira kwenda masomo



Usiku usio na ukungu, mtu aliyesimama Kalundu anaona taa za Bujumbura zikiwaka upande wa pili wa ziwa. Kwa barabara ni kilometa kama 30 tu. Kinshasa, mji mkuu wetu, uko zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na gari la kutoka hapa mpaka kule halipo. Hata saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, lakini saa ya Uvira na ya Bujumbura ni ile ile. Basi si ajabu kwamba kila mwaka matokeo ya Ekzeta yakitoka, nyumba nyingi za Mulongwe, Kasenga na Kimanga zinaanza mazungumzo yale yale: mtoto abaki asome hapa, apande Bukavu, au avuke?

Akiwa mvulana, mazungumzo huwa mafupi. Akiwa msichana, yanachukua majuma. Baba anauliza atalala wapi. Shangazi anasema wasichana wa ng'ambo wanarudi na mimba. Jirani anakumbusha jinsi mpaka ulivyofungwa. Na mama, ambaye ndiye atakayetoa sehemu kubwa ya minervali kutoka kwenye meza yake ya ndagala, anakaa kimya, maana hajawahi kufika huko kunakozungumzwa.

Mimi nimefika. Binti yangu yuko mwaka wa pili, na mwezi uliopita nililala kwake siku tatu. Naandika nilichokiona ili mama mwenye mtoto wa kidato cha mwisho awe na la kusema siku watakapokaa kuamua.

Njia

Kutoka Kalundu unapanda kaskazini, unavuka Kalimabenge, unavuka Mulongwe, ule mto uliotuliza mwezi wa 4 mwaka 2020, unapita Kasenga na kufika Kavimvira. Mpakani shuka na karatasi mkononi: kitambulisho, karatasi ya kuvukia, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usiziweke chini ya mzigo. Foleni ya asubuhi ni ya wanawake wenzetu, wenye mabeseni na vifurushi, na kati yao wamo wanafunzi wenye mabegi mgongoni. Wengine wanavuka kila siku, alfajiri kwenda na jioni kurudi. Niliwatazama wakirudi wamechoka, wakiangalia saa, kwa sababu mpaka haumngoji mtu aliyechelewa somoni.

Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi zilitia sahihi huko Gisenyi mkataba wa jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ile CEPGL, ili watu na mali vipite kwa urahisi. Sehemu ya urahisi huo bado ipo: mtu wa Uvira anaweza kwenda Bujumbura na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini mwanafunzi si mtu wa siku moja. Anayekaa kule mwaka mzima anahitaji karatasi za kukaa, na zinamalizika muda. Mama, andika tarehe hiyo ukutani kama unavyoandika tarehe ya kliniki.

Ukishavuka unaingia Gatumba. Ni nchi ya chini, ziwa upande mmoja, Ruzizi upande mwingine. Maji yalipopanda mwaka 2020 na tena 2024, nyumba nyingi za hapo zilibaki ndani ya maji, na bado utaziona kuta zenye alama ya maji usawa wa dirisha. Halafu unapita daraja la Ruzizi, kando ya hifadhi ambako viboko wanaishi, unaacha njia ya uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye upande wa kushoto, na mji unaanza. Siku njema, safari nzima haimalizi asubuhi. Siku mbaya, mafuta yakikosekana Burundi, jambo ambalo limekuwa la kawaida miaka hii, utasimama kwenye maegesho ya mabasi mpaka miguu ivimbe.

Mji na vyuo vyake

Bujumbura ilikuwa mji mkuu kwa kila jambo mpaka 2019, sheria ilipoufanya Gitega kuwa mji mkuu wa siasa na kuiachia Bujumbura uchumi. Lakini kwa mwanafunzi, mji mkuu ni Bujumbura. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza hapa mwaka 1964, na majengo yake yametawanyika: Mutanga, Kiriri, na Kamenge ambako wa udaktari wanajifunzia kwenye hospitali kubwa ya chuo. Kiriri ni kilimani. Zamani ilikuwa shule ya mapadre Wajezuiti. Binti yangu alinipeleka huko jioni ili nione kitu. Ukisimama pale juu, ziwa lote liko chini yako, na ng'ambo yake imesimama milima yetu, ile iliyo nyuma ya Uvira. Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anapanda huko kila alipotaka kulia.

Vyuo vya watu binafsi ni vingi, na watoto wetu wengi wako huko: Université Lumière, Université du Lac Tanganyika, Espoir d'Afrique iliyoanzia Nairobi kabla ya kuhamia Bujumbura, na vinginevyo. Havifanani. Kuna chenye maktaba na maabara, na kuna chenye kibao kizuri barabarani na madawati tu ndani. Mama hana haja ya kuwa na diploma ili ajue tofauti. Nenda siku ya kazi, si Jumapili. Uliza uone maabara. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu kama walimu wanafika. Uliza kama chuo na tawi lenyewe analotaka mtoto vimekubaliwa na serikali ya kule, kwa sababu mtoto akirudi na diploma ya nje, wizara ya Kinshasa itaichunguza kabla ya kuipa usawa na diploma ya hapa. Miaka mitatu ya minervali isiishie kwenye karatasi ambayo hakuna ofisi inayoipokea.

Masomo yenyewe yanahesabiwa kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa miaka mitatu ya kwanza, kama ilivyo sasa kwetu kwenye LMD. Uzuri wake ni kwamba yanafundishwa kwa Kifaransa, hivyo mtoto aliyemaliza sekondari hapa haanzi upya. Kirundi atakutana nacho kwenye basi na sokoni. Waliolelewa kwa Kifuliiru wanasema maneno kadhaa yanafanana na hawachelewi kuzoea. Na Kiswahili hakikosi mahali: Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu wakati wa wakoloni, Bwiza pia kinasikika kila pembe. Nilinunua nyanya Buyenzi kwa Kiswahili changu cha Uvira, na muuzaji akaniuliza habari za ndagala wa Kalundu.

Chumba cha Nyakabiga

Wasichana wanaosoma upande wa Mutanga hupenda kupanga Nyakabiga, mtaa ulio jirani na kampasi, ili waende kwa miguu. Kwa binti yangu ni chumba kimoja, wasichana watatu: wawili wa Uvira, mmoja wa Baraka. Magodoro mawili sakafuni, kamba ya kuanikia vikwembe, mabido ya maji, mbabula nje ya mlango, na vitabu ndani ya katoni ya sabuni ili visilowe. Mwenye nyumba ni mama mjane anayelala uwanja huo huo na kufunga lango saa mbili usiku. Mwanzoni wasichana walimchukia kwa lango lake. Sasa wanamwita mama.

Wanaamka saa kumi na moja. Mmoja anachota maji, mmoja anapasha bugali la jana, mmoja anapiga pasi. Somo la kwanza linaanza asubuhi mapema, na asiyewahi anasimama. Mchana wengi hawali. Wanakunywa chai na andazi, au hawanywi. Jioni ni kurudufisha silabusi, kufanya kazi za kikundi, kutafuta mahali penye umeme. Pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji mwaka 2022, na basi ni la kupanga mstari, kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura ni mtu wa miguu. Tazama viatu vya mtoto wako atakaporudi likizo, utajua anaishi umbali gani na chuo.

Usiku wa pili, tumemaliza kula, niliwauliza mwezi wao unavyokwenda. Waliangaliana, kisha yule wa Baraka akahesabu kwa vidole. Juma la kwanza wanakula mara mbili kwa siku. La pili, mara mbili. La tatu, mara moja. La nne, "tunaangalia."

Nikauliza, mnaangalia nini?

Akasema: "Mama, huku hakuna anayetushika kwa nguvu. Mtu anatuletea mchele."

Sikulala vizuri usiku ule. Hapa Uvira tunamwogopa kijana wa kampasi mwenye maneno matamu. Tunamhubiria binti siku ya kuondoka, tunamwekea Biblia au Korani kwenye begi, na yote hayo ni mema. Lakini mchele wa juma la nne hauletwi na kijana wa kampasi, kwa sababu naye ana njaa. Unaletwa na mtu mzima mwenye gari, anayejua kabisa ni juma gani la mwezi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mahubiri ya mwezi wa tisa hayafiki tarehe 25 ya mwezi wa pili, lakini kilo tano za unga wa muhogo zinafika.

Watatu hao walijitafutia dawa yao wenyewe. Wana likelemba la wasichana sita wa Uvira na Fizi, kila Jumamosi kila mmoja anatoa kidogo, na zamu inapangwa ili anayepokea awe yule ambaye nyumbani kwao fedha huchelewa. Wana sheria moja: asiye na chakula lazima aseme. Anayeficha njaa yake analipa faini. Nilicheka, kisha nikaona ni sheria ya akili kuliko nyingi tunazoandika kwenye vikundi vyetu.

Hofu ya mpaka

Jirani anayekumbusha mpaka ana haki. Mwaka 2015, ghasia zilipoanza Bujumbura mwezi wa nne, wanafunzi wanaolala kampasi walifukuzwa kwenye mabweni, na mamia yao wakaenda kukaa nje ya ubalozi wa Marekani kwa majuma. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ukafunga mpaka kwa miezi, na kuna watoto waliobaki upande mmoja huku wazazi wako upande mwingine, taa za nyumbani wanaziona. Na sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kufundishwa kwamba vita pia hufunga njia, siku nyingine kwa saa moja tu ya tangazo.

Hofu hii haiondoki kwa kusema "Mungu atasaidia" tu. Inapungua kwa kujipanga. Kila mtoto aliye kule awe na mambo matatu: nyumba ya mtu mzima anayejulikana na wazazi, awe ndugu, mtu wa kanisa au wa msikiti, ambako atakwenda mambo yakiharibika, akiba ndogo ya chakula na fedha ya majuma mawili ambayo haiguswi kwa lingine lolote, na nakala ya karatasi zake zote, moja kwake, moja kwetu. Wanaovuka kila siku nao wawe na mahali pa kulala kule siku mpaka ukifungwa kabla hawajarudi. Mimi niliandika namba za wazazi wa wale wasichana wengine wawili kabla sijaondoka, na tangu hapo tunapigiana.

Kwa nini basi avuke?

Mtu ataniuliza: kwa taabu hii yote, si bora abaki? Kuna watoto ambao kubaki ndiyo bora, na Uvira ina vyuo vyake na kituo cha utafiti wa ziwa ambacho hata wageni wanakuja kujifunzia. Bukavu nako kuna vyuo vikuu vyenye jina, ingawa njia ya Kamanyola mnaijua. Neno langu si kwamba kila msichana avuke. Ni kwamba aamuliwe kwa kipimo kile kile tunachompimia kaka yake: amefaulu vipi, anataka kusoma nini, na tawi hilo linafundishwa vizuri wapi.

Nchi yetu ilipata uhuru 1960 bila mwanamke hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyemaliza Geneva mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri Kongo. Geneva ni mbali kuliko Nyakabiga. Nyumbani kwao nao lazima kuna aliyeuliza atalala wapi.

Tena angalieni karibu. Mkunga aliyefunzwa vizuri, mwalimu wa hesabu, mwanasheria anayeweza kusimama na mjane aliyenyang'anywa shamba huko bondeni: tunawahitaji hapa, na tunawataka wawe wanawake ili tuweze kuwaambia mambo yetu. Hawaanguki kutoka mbinguni. Mmoja wao labda sasa hivi anakaanga ndagala nyuma ya nyumba yako, na cheti chake cha Ekzeta kiko kwenye sanduku.

Tufanye nini

Kwanza, kwa mama mwenye mtoto kule: gawanya fedha. Kama unatuma mara moja kwa mwezi, tuma nusu mwanzoni na nusu tarehe 15. Fedha ni ile ile, lakini juma la nne litabadilika. Tuma unga, ndagala wakavu na mafuta ya mawese kwa mtu mnayemjua, ili fedha ibaki ya sabuni, silabusi na pedi. Ndiyo, na pedi. Msichana hataandika neno hilo kwenye ujumbe ambao baba yake anausoma.

Pili, nenda. Hata mara moja kwa mwaka, hata siku moja. Mwenye nyumba akishamwona mama wa mtoto, anamtunza tofauti. Na yule mwenye mchele akisikia kwamba mama huyu hufika, anapunguza mwendo.

Tatu, mwache akuambie. Mtoto anayeogopa kusema "nimeanguka mtihani" atasema uongo wa kwanza, na uongo wa pili utamkuta kwa mtu mwingine. Mwambie kabla hajaondoka: ukianguka, mimi niwe wa kwanza kujua.

Nne, ni la kwetu sote kwenye vikundi. AVEC zetu nyingi zinagawana akiba mwisho wa mwaka wa kikundi, na mara nyingi fedha inatoka wakati wa sikukuu, ikaishia kwenye vikwembe na nyama. Mimi sipingi kikwembe. Lakini vyuo vinataka malipo ya kwanza mtoto anapoandikishwa, na asiyelipa anazuiliwa mtihani. Kikundi chenye mama wawili au watatu wenye watoto chuoni kinaweza kupanga kugawana kabla ya majuma ya kuandikisha. Na mfuko wa msaada, ule tunaotoa mtu akifiwa au akiugua, kwa nini usimkopeshe mama ambaye binti yake amebakiza sehemu moja ya minervali ili afanye mtihani? Tunachanga haraka kwa ajili ya jeneza. Tuchange pia kwa mtoto aliye hai anayesoma.

Kikundi chetu kitalizungumza jambo hili la mfuko Jumamosi, baada ya kuweka akiba. Wamama wenye watoto Bujumbura, njooni na majina ya mitaa wanakokaa: Nyakabiga, Bwiza, Buyenzi, Kamenge, popote. Tunataka kuandika orodha moja, tujue nani yuko karibu na nani, ili mama mmoja akivuka aweze kuchukua vifurushi vitano na kurudi na habari za watoto watano.